Ngolo Amekabidhi Fimbo

Iringa,
Jumapili, 19 Februari 1978.

Baba yangu mpendwa, Mzee Bujiku,

Mwangaluka, baba. Najua barua hii anakusomea Leokadia, basi na yeye mwangaluka. Mdogo wangu, msomee baba polepole, usikimbie kama unayesoma tangazo la mnada. Mimi huku sijambo. Kile kifua kilichonisumbua kimetulia, ila baridi ya Iringa ni ile ile, wanafunzi wangu wanaingia darasani asubuhi wamejikunyata utadhani wameonewa. Natumaini mgongo wa mama umepungua kuuma, na kaka Nkuba, mkewe na watoto ni wazima. Na ng'ombe je? Najua ungependa niwaulizie wao kwanza, lakini mama angeninunia mpaka Pasaka.

Baba, ninaandika kwa sababu ya fimbo. Nilipokuja Krismasi nilikuta wewe na Nkuba mnasemeshana kwa kupitia watoto. Yeye anataka umwachie kundi alichunge na kuliamulia mambo yake, wewe unasema fimbo ya Bujiku haijavunjika. Siku zile sikutia neno. Leo ninalo, ila nitalifikia kwa njia ya kuzunguka, maana ubavu wa kukuambia moja kwa moja sina. Nivumilie. Nitaanza na habari ya mchezo.

Unakumbuka likizo ile nyingine nilivyokushinda kwa maswali? Mtamba anazaa akiwa na umri gani, simba ukimsikia upande wa upepo unafanya nini, malisho yakikauka unahamia wapi kwanza. Ulifurahi, baba. Ulimwambia mama kwamba mwanao wa shule hatimaye amekumbuka ng'ombe. Nisamehe, sikuwa ninauliza kwa ajili ya ng'ombe wetu. Nilikuwa ninamuulizia mtu mmoja anaitwa Ngolo, na Ngolo huyo hayupo duniani.

Ni hivi. Shuleni kwetu alikuwapo mwalimu wa kujitolea, Mmarekani, kijana mrefu mwenye aibu. Alipoondoka kurudi kwao alituachia vijitabu vitatu na dadu za ajabu, nyingine zina pande nyingi mpaka zinakaribia kuwa duara. Ni mchezo wa hadithi. Mmoja anasimulia, na kila mwingine ana mtu wake ndani ya hadithi hiyo. Msimuliaji akisema mmefika mtoni na mto umejaa, wewe unasema mtu wako atafanya nini. Jambo likiwa la mashaka, dadu inarushwa, na dadu ndiyo inaamua kama umevuka au umekwenda na maji. Usicheke. Sisi ni walimu wanne, Jumamosi mchana tukishafua nguo hatuna pa kwenda, na ulanzi wa masika, ile pombe ya mianzi, unatuita. Afadhali mchezo.

Msimuliaji wetu ni Ambrosi, Mhehe wa hapa hapa, anafundisha historia na anapenda kusikia sauti yake. Wengine ni Evarista, anayefundisha hesabu, na Kasian, Mbena wa Njombe, mwalimu wa kilimo. Mtu wa Evarista alikuwa mganga. Wa Kasian alikuwa kijana mwenye mkuki, mwembamba, mwenye maneno mengi, yaani Kasian mwenyewe. Mimi nilimtengeneza Ngolo, mfugaji, na nilimpa kila kitu chako, baba: mwendo wako, ubishi wako, hata ile tabia yako ya kupiga chafya kabla hujakataa jambo. Jina tu ndilo sikuthubutu kukuazima.

Sasa sikiliza tulivyojiharibia. Katika vijitabu vile, mtu anayerudi nyumbani na dhahabu kutoka pangoni anaongezeka nguvu kadiri ya dhahabu aliyoleta. Ambrosi akasema dhahabu kitu gani, hapa nani anaheshimiwa kwa dhahabu, hata wachimbaji wa Chunya tunaowaona wanarudi na vumbi tu. Tukakubaliana wote kwamba mahali palipoandikwa dhahabu tusome ng'ombe. Tukaona tumefanya la maana, tumeuleta mchezo nyumbani. Hakuna aliyefikiri kwamba dhahabu haizai.

Ng'ombe wa Ngolo walizaa. Mganga na kijana wa mkuki waliingia mapangoni, wakang'atwa, wakaungua, wakarudi na dume moja la kugawana. Ngolo akakaa nyumbani, akapeleka majike mahali penye chumvi, akahama kabla ya kiangazi kama ulivyonifundisha, na kila mvua zikija kundi limejaa zizi na nguvu zake zimepanda. Akafika mahali hakuna mnyama wala jini wa kumtisha. Tukiingia pangoni, kabla Kasian hajamaliza kusema anainua mkuki, Ngolo ameshamaliza kazi. Ambrosi alimletea simba, akashinda. Akamletea ugonjwa wa mifugo, nikawatenga wagonjwa siku ile ile. Akaleta joka lenyewe. Ngolo alilishika mkia.

Na mimi nilifurahi, baba, siwezi kudanganya. Nilitembea wiki nzima nikitabasamu. Sikuona kwamba Evarista sasa anakuja na sindano zake za kufuma, na kwamba Kasian anafungua gazeti tukianza na kulikunja tukimaliza. Walikuwa wanasema ndiyo mzee, sawa mzee, twende unakotaka mzee. Mimi nikaona ni heshima.

Jumamosi ya kwanza ya mwezi huu Ngolo aliumwa na nyoka. Ambrosi alikuwa na desturi ya kurusha dadu nyuma ya kitabu, ili asiharibu hadithi. Siku hiyo dadu ikaruka meza, ikaangukia mguuni kwangu, nikaiona vizuri. Ilikuwa mbaya kuliko zote. Ngolo alikuwa amekufa. Ambrosi akainama, akaiokota, akatangaza kwa sauti yake ile ya mahubiri kwamba sumu haikumwingia mzee, mzee ameshinda. Evarista akaendelea kufuma. Kasian akafungua ukurasa mwingine.

Nikawauliza wamekuwa wakifanya hivyo tangu lini. Nikauliza tena, nikapiga na meza, na unajua hasira zangu nimezitoa kwa nani. Evarista ndiye aliyejibu, bila kuinua macho. Akasema ni tangu kabla ya Krismasi. Akasema waliona Ngolo akiguswa kidogo tu mimi ninanuna mpaka Jumatatu, basi wakaelewana wenyewe kwa wenyewe wamwache awe anashinda, mradi mchana upite kwa amani. Kasian akaongeza kwamba hapo hawakuwa wanacheza tena, walikuwa wanamlea mzee.

Baba, nilitamani ardhi ipasuke! Nilidhani nina mtu mwenye nguvu kuliko wote, kumbe nina mtu anayeonewa huruma. Kushindwa ningekubali. Kusindikizwa kama mtoto, huku wenzangu wanakonyezana juu ya kichwa changu, hilo lilinichoma. Nikachukua koti nikaondoka bila kuaga, na wiki nzima nikawapita ofisini kama miti.

Aliyenifuata ni Ambrosi. Alikiri kwamba wamekosea, kwamba wangeniambia mapema, ila kila mmoja alimsubiri mwenzake aanze. Akasema Ngolo lazima aondoke kwenye mchezo, la sivyo wao watatu wanaacha, na akanipa nafasi ya kuchagua kifo kikubwa, cha kusimuliwa. Nikakataa. Nikamwambia mtu hauawi kwa sababu marafiki zake wamechoka. Akaniuliza basi kwetu mtu kama huyo anaachaje kazi. Nikamwambia sijawahi kuona. Kisha nikakumbuka ulivyotusimulia habari za babu huko Kwimba, alivyowaita wanawe kwenye shikome, pale kwenye moto wa uani, akampa baba mkubwa fimbo mbele ya watu, na tangu siku hiyo hakuchunga tena, lakini hakuna dume lililouzwa bila yeye kuulizwa.

Jana ndivyo tulivyofanya. Ngolo aliwaita vijana kwenye shikome lake. Aliwaambia kundi sasa ni lao, na fimbo akampa yule mwembamba wa Kasian mwenye maneno mengi. Tukabadili na sheria, ng'ombe wasimpe mtu nguvu tena. Mimi nikatengeneza mtu mpya, kijana asiye na kitu hata viatu. Tukatoka safari, na mtoni tu tukakwama, maji yamejaa, mamba wanaonekana, na dadu sasa zinarushwa peupe. Kasian alikuwa amesimama, gazeti hata sijui aliliweka wapi. Basi yeye ndiye aliyesema turudi tukamuulize Ngolo.

Wakarudi wakamuuliza. Nikajibu kwa kinywa cha Ngolo yale uliyonifundisha wewe, wapande juu mpaka mahali ng'ombe wenyewe wanapopenda kuvukia, maana ng'ombe hapiti penye kina. Tukavuka wote. Ngolo hakuinuka kwenye kigoda chake, na bila yeye tungeliwa. Safari hii walimsikiliza kwa sababu walimhitaji. Hawakuwa wanamwonea huruma. Baba, nguvu zake zote za zamani hazikuwahi kunipa furaha kama hiyo.

Sasa nimefika. Leokadia, hapa usiruke neno hata moja. Najua utataka kuruka. Soma.

Baba, siku ya mkesha wa Krismasi nilishuka kwenye basi, nikatembea mpaka nyumbani, nikakukuta umesimama mlangoni pa zizi. Ilikuwa saa nne, jua kali, na nilikuwa nimesimama mbele yako karibu kama Leokadia alivyo sasa. Ukanitazama usoni ukaniambia, Nkuba, umechelewa kuwafungulia ndama. Nikaitikia kwa sauti ya Nkuba kwamba ninakwenda sasa hivi. Nikaenda nikawafungulia. Kisha nikachukua begi langu, nikazunguka nyuma ya nyumba, nikaja upya nikapiga hodi kwa sauti yangu mwenyewe. Ukanikumbatia, ukashukuru Mungu kwamba mwanao amefika.

Si mimi peke yangu ninayefanya hivyo. Watoto wa Nkuba wanapotaja majina ya ng'ombe kwa sauti wakirudi jioni, si wimbo, wanakutajia wewe. Mama anaweka kigoda mahali pale pale kila siku kwa makusudi. Yule ndama waliyekwambia amekufa kwa kula majani mabaya, alizama kwenye tope la mbuga ulikompeleka mwenyewe, na Nkuba alikuwa nyuma yako kwa mbali, kama anavyokuwa kila siku ukitoka. Kwa ndama alichelewa kwa makusudi. Aliona kwanza wewe usizame. Kaka hataki kundi lako, baba. Anaogopa kukuzika. Masika inakuja, mbuga itajaa maji, na tope halimwogopi Bujiku.

Sote tulidhani tunakuheshimu. Tangu ile dadu ianguke mguuni kwangu sioni heshima hapo. Nisingependa watu wanifanyie hivyo hata kwenye mchezo wa Jumamosi, nitawezaje kumfanyia baba yangu mzazi? Ukikasirika, ukasirike. Unikasirikie mimi, usimguse Leokadia, yeye ni kinywa tu. Waswahili wanasema heri kufa macho kuliko kufa moyo, na moyo wako ninaujua. Ninakuomba mpe Nkuba fimbo mchana, mbele ya watu, kama babu alivyofanya, kabla mvua hazijakolea. Anayo miguu. Njia za maji, chumvi, dalili za ugonjwa, hayo bado yako kichwani mwako, na hajui hata nusu. Halafu Pasaka nitakuja kukuchukua, nikulete kwa daktari wa macho huku. Evarista anasema mama yake alikuwa na mtoto wa jicho, wakautoa, sasa anachambua mchele mwenyewe. Sikuahidi, lakini twende tukaulize.

Msalimie mama sana, mwambie sweta la rangi ya maziwa analofuma Evarista ni lake, na asianze kuuliza Evarista ni nani. Msalimie Nkuba, umwambie hakuniagiza niandike haya, na kama anafikiri ninajifanya msomi tutamalizana nikifika. Watoto wote nawasalimu. Leokadia, asante, pole kwa mzigo niliokutwisha.

Siku nitakayofika, baba, usinitafute kwa macho. Nitasimama mbele yako na nitakwambia mimi ni nani kabla hujauliza.

Ni mimi mwanao,
Faustin Bujiku