Mwaka wa Deo Kwenye Grafu

Alhamisi, Nshamba. Mvua imeanza asubuhi na haijakatika. Sina huzuni ile ya kulia. Nina hamu ya mtu, basi.

Ofisini kwetu tunaandikisha watoto yatima wa vijiji vya huku ili wapate sare na madaftari. Wageni wanakuja wiki ijayo, na kwa kuwa mimi ndiye niliyepelekwa Bukoba kujifunza kompyuta, grafu ya watoto wapya wa kila mwaka imeniangukia mimi.

Nilianza na ya nguzo. Nguzo zikabanana, hakuna kinachosomeka. Nikaigeuza ikawa ya mstari, nikafuta vile vistari vya nyuma, nikakuza maandishi ya miaka. Mstari wenyewe ulikuja mwekundu, nikaupaka bluu. Kisha nikaegemea kiti, nikautazama.

Unapanda miaka mingi. Unafika kileleni. Halafu, tangu dawa za UKIMWI zilipofika wilayani, unashuka.

Pale kileleni ndipo alipofariki Deo, mume wangu. Binti yetu Koku aliandikishwa mwaka huohuo, akiwa bado ananyonya.

Mimi dawa zilinikuta. Yeye hazikumkuta.

Mzee Projestus, mratibu wetu, alikuja akasimama nyuma yangu. Alipoona mstari unashuka akapiga makofi.

"Mama Koku, hapa umefanya kazi! Sasa hiyo miaka ya mwanzo iondoe. Ianzie dawa zilipokuja, wageni waone mafanikio moja kwa moja."

Ni kazi ndogo. Unachagua upya safu za miaka unazotaka zionekane, unabofya, imekwisha. Nikafanya alivyosema. Kilele kikatoweka, ukabaki mteremko peke yake, safi kabisa.

Nilishindwa kuutazama.

"Waitu, mzee wangu, nikisema neno utakasirika?"

"Sema tu, mama."

"Mwaka wa Deo umetoka. Na Koku naye ametoka."

Yeye na Deo waliimba kwaya pamoja. Akavuta kiti, akaketi, akaitazama kompyuta kwa muda.

"Na dada zangu wote wawili, waliokufa miaka hiyo," akasema. "Irudishe, Mama Koku. Yote. Wakiuliza, nitawaeleza mwenyewe."

Nikairudisha. Kichwa cha grafu nacho nikakibadilisha. Kilikuwa "Mafanikio ya Mradi"; nikaandika "Watoto Walioandikishwa Tangu Tulipoanza." Mzee Projestus alikisoma, akatikisa kichwa kukubali, akatoka nje kwenye baraza na mvua ile.

Wenzangu walipoona mstari umeshuka walifurahi, nami nikafurahi nao. Ni kweli nilifurahi. Lakini moyoni nilikuwa nauliza: kwa nini dawa zisingewahi kidogo? Deo alikuwa amejikaza sana. Alikuwa bado anapanga kurudi kisiwani Bumbire kununua samaki, na mimi nikamfulia koti lake la safari, nikalianika, kana kwamba kesho anaondoka.

Ninamtamani hata alivyokuwa akinuka dagaa.

Jumamosi nitakwenda na Koku kibanjani kwetu, kwenye migomba, tukapalilie kaburi la baba yake. Siku hizi ananiuliza sauti ya baba ilikuwaje. Ilikuwa nzito au nyembamba? Alicheka vipi? Nimekuwa nikimwambia nitamweleza akikua kidogo.

Ukweli ni kwamba sauti hiyo imeanza kunipotea. Nitamwambia hivyo hivyo, kisha tutakwenda kwa wanakwaya wenzake Deo tukaulize.