Damu Iliyo Kwenye Frigo Yangu

Buyenzi, Julai 2003

Kaka Anouar,

Asalaam aleikum. Huku wazima, ila mwanangu Adija ana kikohozi. Umeniuliza kwa nini nimeacha kuuza juisi na barafu. Nani kakufikishia maneno hayo mpaka Kigoma?

Basi ni hivi: frigo yangu ina damu ya nguruwe. Usinipigie kelele. Unamkumbuka Jovithe, daktari wa mifugo aliyekuwa akitengenezewa pikipiki na marehemu mume wangu? Anatafiti kirusi kinachokondesha watoto wa nguruwe kule Buterere. Anasema mutu hakimdhuru. Siku ile kazini kwake umeme ulikuwa umekatika, kwetu bado upo, akaja na vichupa vyake.

“Mama Adija, ni siku mbili tu. Nikachukue damu ya nguruwe wengine, nirudi.”

Nikamwambia apana. Halafu nikatoa juisi zangu.

Akaenda Buterere asubuhi ileile. Mchana tukasikia mabomu upande ule. Sasa ni wiki ya tatu. Kikohozi cha Adija nadhani ni vumbi tu.

Shehe anasema nivitupe, nioshe frigo mara saba, mara moja kwa udongo, nirudi kwenye biashara yangu. Ana haki. Udongo nimeshauchota, uko kwenye ndoo hapa mlangoni, na wateja wanauliza kila siku. Nitaosha, kaka. Lakini umeme ukikatika naifunika frigo kwa blanketi langu, ubaridi usitoke.

Aje kwanza avichukue mwenyewe.

Mdogo wako,
Soumaya