Nafasi ya Mama

Mbumbuni, 3 Juni 2024

Mpendwa dada Ndila,

Kwa huzuni kuu, wananchi wa Kitui na viunga vyake wanatangaziwa kwamba kiti cha mwelekezi kilivunjika mguu kwenye mazoezi ya Jumamosi, mwelekezi akiwa juu yake. Kiti hakitapona. Mwelekezi anaumwa kiuno tu.

Habari ya huko? Watoto hawajambo? Huku tuko salama, ndengu zimekubali. Simu zangu hushiki, ndiyo nimeshika kalamu.

Siku hizi naelekeza mchezo nikiwa nimekaa chini, kwa duara na wengine. Kila mtu anasikizwa. Mbuvi, yule asiyeona, ndiye anatupanga jukwaani: sote tunafumba macho na kutembea, anayegonga mwenzake anarudi nyuma. Mimi nimegonga kila mtu. Wamesema walijua zamani nina kichwa kigumu, sasa wamepata ushahidi.

Kikundi chote kinaomba urudi ucheze nafasi ya mama. Ni tarehe 17 Agosti, hapa kanisani.

Kaka yako,
Nzuki

Kitui, 29 Juni 2024

Kaka Nzuki,

Pokea salamu. Yvonne wangu alikuwa na homa, ameshapona. Pole ya kiuno. Nimecheka, sitakataa.

Nimempigia Muthoki wa kikundi chenu. Anasema jina langu halijatajwa hata siku moja kwa hiyo duara.

Kaka, mimi nina kigugumizi, sina usahaulifu. Mwaka wa 2019 uliwaambia watu kwamba ni mimi nimeomba kuachia mwingine maneno, nibebe mtungi tu. Wakakupigia makofi kwa vile unanijali. Nilikuwa nyuma ya pazia, nasikia. Leo umenisemea tena, na wao pia umewasemea. Sasa duara ni ya nini?

Dada yako,
Ndila

Mbumbuni, 20 Agosti 2024

Mpendwa Ndila,

Natumai Yvonne anaendelea vizuri. Mimi ni mzima wa mwili. Nimechelewa kwa sababu nilianza barua nne, zote za kuchekesha, nikazichana.

Ilikuwa hivi. Mwaka ule wageni wa kaunti walikuwa wanakuja, na mimi niliona aibu kungoja umalize neno mbele yao. Sikuwa nakulinda. Na mwezi wa sita hakuna aliyenituma nikuite. Tangu tumzike mama, nikifunga ukumbi wa mazoezi naenda kwa nyumba ambayo ni redio tu inaongea.

Barua yako niliwasomea yote. Nilidhani watanihurumia. Muthoki akasema, "Mwalimu, hebu toka nje kidogo, tuongee." Nikatoka. Baadaye Mbuvi akaja akipapasa ukuta.

"Tumeamua. Mama ni Ndila, au nafasi ibaki wazi. Lakini wewe usimbembeleze. Akitaka, anajua tarehe."

"Na mimi nifanye nini?"

"Ungoje, kama sisi."

Jumamosi tukacheza. Katika mchezo, mama alikuwa na majibu tisa. Kila Muthoki alipouliza, wote walinyamaza, wakiangalia pale ambapo ungesimama, wakampa muda. Kanisa lote halikukohoa. Mimi nilikaa benchi la nyuma, karibu na mlango, na kila mara niligeuka kuutazama. Mara tisa, Ndila.

Hukuja. Sikuiti. Nakuambia tu vile ilikuwa.

Ni mimi kaka yako,
Nzuki