Maua ya Korongoni

Jumatatu, 9 Oktoba 1905
Bibi wa bwana mkubwa amenuna. Maua yake ya Ulaya yamekufa tena nyuma ya nyumba, jua halifiki kule. Mimi na mdomo wangu — nikasema najua maua yanayopenda kivuli. Watu wanakimbia vita, mimi nahangaika na maua ya Wadachi. Aibu. Lakini bomani kuna wali.

Nikaenda korongoni, nyuma ya kijiji cha Mchukwi. Maua yapo, mekundu, mashina yamejaa maji. Na watu wapo! Dada yangu Zabibu na wanawe watatu, na wanawake wengine wa kwetu. Waume zao wamekunywa dawa ya maji, askari wamechoma nyumba. Mzee Mwinyimvua, jirani yao, huwapelekea chumvi kwa siri. Dada akanishika mkono. Akasema: mdogo wangu, hujatuona. Nikaapa.

Alhamisi, 12 Oktoba
Nilikata vipande chini ya kifundo, nikatoa majani ya chini, nikachomeka kwenye mchanga mbichi. Nimefunika kwa majani ya mgomba. Hakijanyauka hata kimoja.

Jumamosi, 21 Oktoba
Mizizi imetoka, myeupe. Nimepanda miche yote chini ya dirisha la Bibi, na mingine tayari ina maua. Bibi kanipa shati kuukuu la mumewe. Nikalivaa papo hapo, mjinga mimi.

Bwana mkubwa akaja kutazama. Akauliza: kiangazi chote hiki, mmea laini hivi uliishi wapi? Ningesema Maparoni, kwenye mikoko. Nani angejua? Nikajibu kwa maringo: korongo la nyuma ya Mchukwi, kivuli kutwa, maji hayakauki. Abdulkarimu, ombasha anayeongoza askari wetu, alikuwa anasafisha bunduki. Akaacha. Akauliza: hayakauki kabisa? Nikasema ndiyo, ombasha. Kwa sauti kubwa.

Jumapili, 22 Oktoba
Askari wameondoka alfajiri. Njia ya mkato naijua, ningewatangulia. Sikwenda. Nikajiambia labda wanakwenda kuchota maji tu. Kutwa nimepalilia mahali pasipo na jani. Mwoga.

Jumanne, 24 Oktoba
Wameletwa. Kamba shingoni, wanawake na watoto. Dada amevimba uso. Wanawe wawili wapo. Wa tatu sikuuliza.

Bibi anataka mtu wa kunisaidia bustanini, akamchagua dada. Ataanza kesho. Nilipompa maji alilia. Akasema mimi peke yangu ndiye niliyewatunzia siri. Aliyewauza ni Mwinyimvua, kwani nani mwingine alijua? Mzee wamemkamata pamoja nao, wamemfunga kamba moja nao. Wenzake hawampi maji. Wameapa akifa hawatamzika. Kinywa nilikuwa nacho. Nikasema: pole, dada. Basi.

Jumatano, 25 Oktoba
Nilitaka kuing'oa miche yote kabla dada hajafika. Bibi alikuwa dirishani, akanitabasamia. Nikarudi nyuma na mikono mitupu.

Mzee Mwinyimvua ameanguka juani. Hakuna aliyemwinua. Nikampelekea maji mwenyewe, nikamshikia kata mdomoni. Akaniombea dua — mimi! Akasema Mungu anilipe kwa wema wangu. Afadhali angenitemea mate. Wanawake walinitazama vibaya, kwamba namhurumia msaliti. Neno moja tu lingemwokoa. Nimelimeza. Najiona mchafu, maji ya mto wote hayatanitakasa.

Dada yuko nyuma ya nyumba na kopo, anamwagilia. Mimi nimejificha ghalani, naandika. Nilisikia maji yakimwagika, sasa kimya. Nimechungulia. Amechuchumaa chini ya dirisha. Ameshika shina moja, analigeuza, analitazama. Ameangalia njia ya kwenda Mchukwi. Ameangalia lile shati la bwana mkubwa nililopewa, limeanikwa uani, kisha mlango wa ghala.

Ananiita. Si kwa hasira. Mdogo wangu, anasema, njoo uniambie maua haya umeyatoa wapi. Mara ya pili sasa.