Ni Baridi Tu

Jumatatu, 8 Januari 2018
Nusu saa nimekaa kitandani, soksi moja mguuni, nyingine mkononi. Achieng, ninayeishi naye hapa Plano, Texas, akauliza nina nini. Nikamjibu: Ni baridi tu. Yeye nesi mzima, na akaamini. Kazini nikamwogesha bibi ninayemtunza. Ana miaka tisini na mbili na anacheka kunishinda.

Alhamisi, 11 Januari
Mama kapiga simu ya video. Nikazima kamera, nikasingizia mtandao. Akauliza mbona sauti imekufa hivyo. Ni baridi tu, Mama.
"Baridi? Na wewe umezaliwa kwenye baridi ya Kinangop?"
Hakuwa anatania.

Jumanne, 16 Januari
Barafu barabarani. Kazi hakuna. Leo uongo wangu umekuwa kweli. Nimelala mchana kutwa. Githeri ya Jumapili imechacha jikoni na sijali. Huko kutojali ndiko kunanitisha.

Ijumaa, 19 Januari
Nikitoka kazini niliipita njia ya kuingia kwetu bila kukata kona, nikaendelea tu kuendesha. Nikawaza: nisipofika, basi. Wazo halikunishtua. Taa ya mafuta ilipowaka ndipo nikageuza gari. Achieng sikumwambia.

Jumamosi, 20 Januari
Simu inasema kesho joto. Joto la fulana, Januari! Hii Texas haina adabu. Achieng anaimba akipiga pasi. Mimi naogopa. Kesho nitasingizia nini?

Jumapili, 21 Januari
Jua. Watoto wa jirani wanacheza peku nje. Achieng kafungua madirisha yote, tayari kavalia kanisa. Akanikuta chini ya blanketi mbili, na jaketi juu. Akasimama mlangoni. Safari hii hakuuliza nina nini.
"Achieng, si baridi."
Akavua viatu, akaketi kando yangu. Akaniuliza kama nimewaza kufa. Hivyo tu, waziwazi. Nikamweleza habari ya Ijumaa. Nililia mpaka kamasi. Kanisani hakwenda.

Jumanne, 23 Januari
Baridi imerudi. Jana Achieng alinipeleka kwa daktari. Nilijibu maswali yote, hata yale ya kufa. Dawa nimeanza. Mama nimempigia, kamera wazi. Aliniangalia, kisha akauliza nimekula nini. Uji, nikamwambia, na ilikuwa kweli.
Leo nimevaa soksi zote mbili. Funguo za gari bado ziko kwa Achieng tangu Jumapili. Sijaziomba.