Papa, Kambi Yetu ya Bandarini Wameibomoa

Papa,

Sijui nianzie wapi. Kambi haipo tena. Nyumba zote za wafanyakazi wa bandari, kuanzia kwetu mpaka kwa jirani yetu Mama Feza, waliziangusha Alhamisi asubuhi kwa mashini. Na mimi, binti yako Adèle, njo mimi niliyewaandikia majina ya wenye nyumba.

Tulipokuzika, ule uwanja ulikochomelea meli maisha yako yote ulikuwa umebaki vyuma na nyasi. Kisha wakaja watu wa kutengeneza upya ukingo wa ziwa: hoteli, mikahawa, njia ya kutembelea. Wakafungua biro, ofisi yao, wakanipa kazi humo ya kuandikisha watu. Mama alifurahi mpaka akanishonea kikwembe kipya. Nikapita mlango kwa mlango na karatasi zao za kukubali kuhama. Watu walisitasita, ila Mama Feza akawaambia, "Huyu ni mutoto wa Papa Kisimba. Hawezi kutudanganya." Wakatia saini. Niliwaahidi nyumba mpya kule kilimani. Njo nilivyoambiwa, Papa. Mwanzoni niliamini.

Lakini kuna jambo sijamwambia mtu. Wiki mbili kabla ya mashini kuja, nilikuwa napanga karatasi mezani kwa shefu, mkubwa wangu wa kazi, nikaiona plani nzima, ile ramani ya ujenzi. Nikatafuta nyumba zetu za kilimani. Nikatafuta tena. Hakuna hata moja. Nilipomuuliza, akasema, "Madame Adèle, kazi yako ni kuandika." Nikaendelea kuandika. Niliogopa kufukuzwa. Nilikula na Mama sahani moja, nikanyamaza.

Siku ile ya kubomoa Mama alikataa kutoka. Alikumbatia nguzo ya baraza, polisi wawili wakambandua kidole kimoja kimoja. Mimi nilikuwa nimesimama upande wao, beji shingoni. Alinitazama, Papa. Hakulia. Alinitazama tu.

Sasa familia zote zinalala kwenye sale, ule ukumbi wa parokia. Mvua imeanza, watoto wanakohoa. Kazi nimeiacha, lakini imesaidia nini? Nikipeleka chakula Mama anakipokea, anawagawia wengine, yeye haonji. Na Mama Feza bado ananitetea: "Muache, na yeye walimudanganya." Hiyo njo inaniua. Afadhali angenitemea mate.

Nakumbuka nilipovunja kioo cha jirani nikamsingizia dada yangu mkubwa, Yaya Béa. Hukunipiga. Ulisema, "Enda ukaseme mwenyewe. Nakungoja hapa." Nilikwenda kwa sababu nilijua nikigeuka nitakukuta umesimama barabarani. Leo nikigeuka, Papa, nani yuko?

Hata hivyo nakuahidi. Jumapili, misa ikiisha, nitasimama mbele yao wote, mbele ya Mama, nitasema nilijua. Wakinifukuza, nitakwenda. Wakitaka niende nao kwa gavana kueleza nilichokiona kwenye ile plani, nitakwenda pia, hata polisi wanifunge.

Pumzika, Papa yangu. Wewe sikuombi unisamehe. Msamaha nitauomba kwanza kwa waliolala chini kwenye simenti.

Binti yako,
Adèle