Umenisamehe Nikiwa Sipo

Lunyo

Mwanangu Nekesa,

Pokea salamu zetu. Baba yako anakusalimu, ule mguu sasa anaukanyagia. Bibi yako anakusalimu, bado anang'ang'ana kupalilia muhogo mwenyewe. Dada yako Ajambo anakusalimu pamoja na watoto, yule mdogo ameanza kutembea. Ng'ombe naye angekusalimu, lakini askari walipita naye. Sisi ni wazima, tunakula bila chumvi, hivyo tu.

Barua yako Mama Zaina aliivusha mpakani ndani ya kitenge chake. Ajambo aliisoma mara mbili, ya tatu nikamnyang'anya, nikaisoma mwenyewe neno moja moja. Unasema huyo mama unayemfanyia kazi Kisumu ni mtu wa visiwa vya Hawai, na anakufundisha hekima ya wazee wake. Kwamba wanasalimiana paji kwa paji, wanavuta pumzi moja. Kwamba babu aliyekufa anaweza kuja kama bundi kulinda wajukuu. Bibi yako akasema, "Bundi? Huku angepokewa na kijinga cha moto." Wote walicheka. Mimi nilicheka kidogo.

Kwa sababu uliandika tena kwamba kwao, watu wa nyumba moja wakikosana, wanaketi, mkubwa anaomba, kila mmoja anatoa la moyoni, wanafunguana, halafu wanakula. Hiyo ni nzuri, sikatai. Lakini wewe uliketi na yeye. Yeye akakaa mahali pangu, ukamwambia maneno yaliyokuwa ya kuniambia mimi, akakujibu, "Tumesameheana." Na wewe ukamwita Mama.

Nekesa, nimeona wivu. Siku hiyo nilitwanga mtama mpaka Ajambo akanishika mkono.

Siku unaondoka, magari ya askari yalijaa barabara ya Tororo. Nilikuambia, "Ukituacha, na wewe uzae wa kukuacha." Ilikuwa hofu, mwanangu, nilitaka ubaki. Lakini neno lilitoka kinywani mwangu. Sasa unaandika una mimba ya miezi mitano, na kwamba lile neno limekwisha. Nani alilimaliza? Unakumbuka nilipogombana na Ajambo, naye akiwa na mimba? Wewe ndiye uliyeshika kibuyu. Nikajaza maji kinywani, nikampulizia kifuani na tumboni, nikasema, "Neno langu, rudi kwangu." Ulilowa mpaka gauni, ukacheka, bibi yako akakufinya. Neno la mama huondolewa na kinywa kile kile kilicholisema. Mwingine hawezi, hata awe mwema namna gani.

Na yeye ni mwema, hapo ndipo panaponiuma. Amekupa kitanda na chakula, mimi hata muhogo siwezi kukutumia.

Sikuambii urudi. Vijana hawarudi huku sasa. Nitavuka mimi, siku ya soko, na wanawake wanaovusha muhogo, nifike kwa shangazi yako upande wa Kenya. Njoo hapo na tumbo lako. Huyo mama akitaka kuona, aje. Akinipa paji lake nitalipokea. Lakini maji nitayashika mimi, na yeye atakaa kwenye mkeka wa wageni.

Mama Zaina anarudi huku Jumamosi, mpe jibu mkononi. Hata kama hutaki kuja, niandikie hivyo hivyo, usininyamazie.

Ni mimi mama yako, niliyekuzaa.